Fulana Mbili Ardhini

Kila asubuhi nyumba yao iliamshwa na kelele za aina tatu: jogoo, redio ya Baba na Chiriku. Jogoo alichoka akanyamaza. Redio ilizimwa Baba alipotoka kwenda shambani. Chiriku hakuwa na kitufe cha kumzimia.

Jina hilo alipewa na mama yake alipokuwa mdogo, kwa sababu alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifagia uwanja akiongea, akafunga viatu akiongea, na hata alipopiga mswaki alijaribu kuongea, mpaka Mama akamwambia, "Povu lote limeishia kwenye sare. Tema kwanza, halafu uniambie."

Kazi yake ya mwisho kabla ya kwenda shule ilikuwa kumpelekea Shangazi chupa ya chai. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, lakini saa hizo hakuwa nyumbani kamwe. Alikuwa shambani, ameinama.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu ulipotoka mlangoni."

Ili kumfikia, Chiriku alipita kwenye njia nyembamba iliyotenganisha mashamba mawili. Zamani lilikuwa shamba moja la Babu. Alipofariki, Baba na Shangazi waligawana nusu kwa nusu, na siku hiyo ya kugawana, udongo wa pande zote ulikuwa mmoja. Baada ya hapo kila mtu alishika njia yake.

Upande wa kulia lilikuwa shamba la Baba. Kila msimu Baba alichoma mabua yote ya mahindi, akaleta trekta ya kukodi, ikageuza ardhi chini juu. Kisha alipanda mahindi matupu kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, akatia mbolea ya mfuko na kupiga dawa ya magugu. Hapakuwa na jani lisilotakiwa. Chiriku alilipenda shamba hilo, na alipenda zaidi siku ya trekta, ambapo Baba alimpandisha juu pembeni ya dereva naye akawapungia mkono watoto wenzake kama mgeni wa heshima.

Upande wa kushoto lilikuwa shamba la Shangazi, na hilo lilimtia aibu. Mabua yalilala chini yakiwa yameoza nusu. Kunde zilitambaa katikati ya mahindi, na maboga yalijificha humo kama kuku wanaotamia. Shangazi hakulima shamba zima. Alichimba mashimo ya kupandia tu, akatia samadi ya mbuzi wake, na kwingine kote akafunika kwa majani. Wanafunzi waliopita njiani walilipa jina: Kichwa Kisichochanwa.

Msimu uliopita goti la Shangazi lilikuwa limeanza kumsumbua. Akiinama, lililia. Akiinuka, yeye ndiye aliyelia.

"Dada," Baba alimwambia mara nyingi, "tuondoe hii njia, tuunganishe mashamba. Trekta iingie mara moja, itoke. Wewe ukae kivulini unywe chai."

"Nitafikiri," Shangazi alijibu kila mara, akijisugua goti. Lakini siku hizi alikuwa akilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu ambaye kweli anafikiri.

* * *

Mwalimu wao wa sayansi alikuwa mwanamke mrefu mwenye kipaji cha kuchekesha darasa bila yeye mwenyewe kucheka. Jumatatu moja aliingia, akaweka chaki mezani, akasema, "Leo nataka mnisaidie kuzika nguo."

Wanafunzi walitazamana. Kisha msichana aliyekaa karibu na Chiriku, ambaye wote walimwita Mapengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, amefariki nani?"

"Hajafariki mtu. Tunataka kujua kama udongo wetu uko hai." Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. "Mkishika udongo mnaona vumbi tu. Lakini udongo mzuri una wakazi wengi kuliko mji. Kuna minyoo, kuna kuvu, na kuna viumbe wadogo ambao jicho haliwaoni. Hao wote wanakula. Majani yakianguka, wanayala na kuyageuza chakula cha mimea. Pamba nayo ilikuwa mmea. Tukizika nguo ya pamba, tukaiacha miezi miwili, itatuambia kama wakazi wapo au wamehama."

Chiriku alikuwa tayari amesimama. "Mwalimu, tukazike kwetu! Sisi tuna mashamba mawili yanayopakana, la baba yangu na la shangazi yangu. Tuzike fulana moja huku, moja kule!"

"Wazo zuri," alisema Mwalimu. "Na wewe unadhani itakuwaje?"

"La baba yangu litashinda! Udongo wake utaitafuna hiyo fulana mpaka vifungo."

"Fulana haina vifungo," alisema Mapengo.

"Hata ingekuwa navyo! Likishindwa la baba yangu, nitakaa siku nzima hapa shuleni bila kusema neno hata moja."

Darasa lilipiga kelele za furaha. Wengine waligonga madawati. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa kawaida. "Hilo," alisema, "ningependa sana kuliona."

Jioni Chiriku alimweleza Baba, ambaye alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu wenu anataka kunizikia fulana?" Aliingia ndani akatoka na mbili mpya, nyeupe, za pamba tupu. "Chukua. Zimenunuliwa siku moja na zizikwe siku moja, asije mtu akasema nimependelewa."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda pale pale uwanjani, akipepeta kunde. Aliweka ungo chini.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikuwa natafuta wa kunisaidia kuamua, naona amepatikana. Kama hizo fulana zitaonyesha kwamba udongo wangu hauna tofauti na wako, lete trekta yako. Ya nini nijivunje goti bure?"

Baba aliacha kucheka. "Unasema kweli, Dada?"

"Nimeshasema."

Na wote waliokuwa pale walijua kwamba Shangazi akishasema, amesema.

* * *

Walizizika fulana siku iliyofuata. Darasa zima lilikuja, kila mtu akitaka kushika jembe. Mwalimu alipima kina kwa kiganja chake, akazilaza fulana zimetandazwa, akafukia na kusimika kijiti kila mahali. "Hakuna kufukua kabla ya siku," alisema, na kwa sababu fulani alimtazama Chiriku.

Mwezi wa kwanza ulikwenda. Mwezi wa pili ukawa mzito kama gunia la mchanga. Kila asubuhi Chiriku alipopeleka chai, alitazama kijiti cha kulia, akatazama cha kushoto, akahisi vidole vikimwasha. Shuleni Mapengo alishaanza kumuuliza siku yake ya kunyamaza ingekuwa lini, ili wajiandae.

Mchana, siku moja kabla ya kufukua, Mama alimtuma kukata majani ya mbuzi. Alikuwa na kisu, kikapu na shamba lote peke yake. Alijiambia, "Nitachungulia tu."

Alianza kwa Baba. Udongo ulikuwa mgumu, ulitoka mabonge mabonge ya rangi ya hudhurungi iliyopauka. Alivuta kitambaa, kikaja. Kikaja chote. Fulana ilikuwa imechafuka, lakini mikono ilikuwepo, shingo ilikuwepo, mgongo ulikuwepo. Angeweza kuivaa.

Alikimbilia upande wa Shangazi. Huko hakuhitaji hata kisu. Udongo ulikuwa mweusi, mlaini, ukimwagika vidoleni kama makombo ya mkate. Alichimba, akachimba tena. Alidhani amekosea mahali. Kisha akaona ukosi wa shingo, na baada yake nyuzi za mishono na lebo ndogo ya nailoni. Basi. Sehemu iliyobaki ilikuwa kama utando wa buibui. Mnyoo mnene alijiviringisha kando ya ile lebo kama anaisoma.

Chiriku alikaa chini. Aliona darasa zima likicheka. Aliona siku nzima ya kufunga mdomo. Kubwa kuliko yote, aliona uso wa Baba, Baba yake wa mistari iliyonyooka, akisimama mbele ya watoto na fulana safi mkononi.

Hakuchukua muda kuamua, na labda hilo ndilo lililokuwa kosa. Alizika ile fulana nzima kwa Shangazi. Alizika nyuzi kwa Baba. Alisawazisha juu, akarudisha vijiti, akakata majani ya mbuzi haraka haraka mpaka akajikata kidole.

Jioni alikula kimya. Mama alimgusa paji la uso. "Una homa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kuna kitu. Nyumba hii haijawahi kuwa na utulivu hivi."

Shangazi alipita kuazima chumvi. Alisimama mlangoni akiegemea fremu, ameupumzisha mguu wenye goti bovu. "Kesho ndiyo kesho," alisema kwa uchangamfu. "Wifi, nikishapumzika kulima, nitafanya nini na mikono hii? Itabidi nijifunze kusuka mikeka." Alicheka, lakini alicheka kidogo tu. Chiriku aliinamia sahani yake.

* * *

Kesho yake darasa lilifika likiimba. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Mama alikuwepo, na Shangazi alikuwepo na fimbo ya kutembelea.

Walianza kwa Baba. Mapengo alichimba, akainua juu ukosi na nyuzi, huku udongo ukidondoka. "Imeliwa!" alipiga kelele. "Imeliwa yote!"

Watoto walishangilia. Baba alikodoa macho kwa mshangao, kisha tabasamu likaenea usoni mwake. "Sikuwaambia?" alisema. "Trekta hiyo!"

Wakavuka njia. Kwa Shangazi fulana ilitoka nzima.

Safari hii hakuna aliyeshangilia sana. Shangazi aliitazama, akainua macho akalitazama shamba lake kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa namna mtu anavyomtazama mtoto anayesafiri kwenda mbali. "Haya," alisema. "Sikujua. Miaka yote hii nilidhani naulisha, kumbe hakuna aliyekuwa anakula. Mdogo wangu, ita trekta."

Baba aliichukua ile fulana kutoka kwa Mwalimu ili aikung'ute. Bonge la udongo lilianguka mguuni pake. Aliliokota. Alijaribu kulivunja kwa vidole, likakataa. Taratibu, tabasamu lake likaondoka. Alipiga goti kando ya shimo la Shangazi, akachota udongo mweusi kwa mkono mwingine, ukamchuruzika. Akawa anatazama mkono huu, anatazama mkono ule.

Alikuwa ameshinda. Hakuhitaji kusema chochote. Shamba lote lingekuwa moja, na trekta ingeingia bila kugeuza kona mara mbili. Chiriku alimwona akimeza mate.

"Mwalimu," alisema Baba, "fulana hii haikulala hapa."

"Unamaanisha nini?"

"Ilikuwa kwangu." Aliinua lile bonge. "Udongo huu mgumu kama tofali ni wangu. Naujua kama ninavyojua kikohozi changu. Angalieni umeganda mpaka ndani ya nyuzi. Wa hapa ni mweusi, haugandi. Na zile nyuzi tulizotoa kwangu zilikuwa na udongo mweusi, ila nilikuwa nimefurahi mno, sikutazama."

"Sasa zilitembea?" aliuliza Mapengo. Baadhi ya watoto walicheka.

Baba hakumtazama mtu yeyote. Alitazama chini tu, na kwa kutomtazama huko Chiriku alijua kwamba Baba anajua. Alisogea mbele. Miguu ilikuwa mizito kama ameivalia ndoo.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wa nyuma waliuliza amesema nini. "Ni mimi niliyezibadilisha. Jana."

"Kwa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Nilitaka Baba ashinde."

Baba aliinuka, magoti yakiwa na udongo. "Nishinde nini, mwanangu?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli. "Ningeshinda fulana, halafu nikawa nimeharibu shamba la dada yangu kwa furaha kabisa, nikipiga mluzi. Na hili langu linalokufa ningeendelea kulisifu."

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alikwenda kwa Shangazi, akashindwa kumtazama usoni, akaongea na ile fimbo. "Nisamehe, Shangazi. Sikufikiria shamba lako. Nilifikiria nitakavyochekwa."

Shangazi aliegemea fimbo yake. "Nimeumia," alisema. "Nisikudanganye kwamba sijaumia. Nusu dakika nzima nililiaga shamba langu." Kisha alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa kiganja chenye udongo, na uso wa Chiriku ukawa na michirizi myeusi. "Lakini umesema mwenyewe, hukusukumwa. Nimekusamehe. Na udongo huo usijifute. Umekupendeza."

Hata Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza kukumbukwa na darasa hilo.

Aliwaketisha wanafunzi kando ya njia, akawaeleza. Mbolea ya mfuko si sumu, alisema, na trekta si adui. Mbolea hiyo inaulisha mmea, lakini haiwalishi wakazi wa udongo. Ukichoma mabua kila mwaka, umechoma chakula chao. Ukigeuza ardhi chini juu kila msimu, umebomoa nyumba zao. Ukiiacha wazi juani, umewaanika. Wakiondoka, udongo unashikana, maji hayaingii, na mkulima anaongeza mbolea ili apate kile kile alichokuwa akipata.

"Hilo ni kweli," alisema Baba polepole. "Kila mwaka naongeza. Nilidhani mifuko imepungua nguvu."

Mama alikuwa ameiokota ile fulana nzima, akiigeuza geuza. "Hii nikiifua inavalika," alisema. "Baba Chiriku, shamba lako ni zuri kwa kutunzia nguo. Kabati halina kazi."

* * *

Chiriku alilipa deni lake shuleni. Alikaa siku nzima bila kusema neno. Kufikia mapumziko, darasa lilikuwa limeshachoka na ule ushindi. Hakuna aliyejua nani amegombana na nani, wala mpira umepelekwa wapi. Mapengo alimsogelea akanong'ona, "Angalau kohoa basi." Chiriku alitikisa kichwa.

Nyumbani, deni lilikuwa jingine. Baba hakumchapa wala hakumpigia kelele. Alimwita shambani, akamwonyesha kipande cha ardhi kilichopakana na njia. "Hapa trekta haitaingia msimu huu," alisema. "Tutafanya kama shangazi yako. Wewe utaleta majani na mabua ya kufunikia kila ukitoka shule. Yeye atatufundisha. Mimi nitamchimbia mashimo yake yote, na yetu, ili goti lipumzike."

"Kazi hiyo sasa tumegawana vizuri," alisema Shangazi, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka upande wake wa njia. "Kwanza weka mbali kiberiti chako."

Haikuwa kazi rahisi. Mabua yalimkwaruza Chiriku mikono na samadi ilinuka mpaka kwenye nywele. Palipokuwa na majani machache, magugu yaliota kwa kiburi, na bila dawa ilibidi wayang'oe kwa mkono. Zaidi ya mara moja Baba alisimama, akanyoosha mgongo, akalitazama lile shamba lake jingine lililonyooka, akatazama hili. "Dada, una hakika?"

"Ng'oa," alisema Shangazi.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, walitoka wote kutazama. Upande wa trekta maji yalisimama madimbwi madimbwi, kisha yakaanza kukimbia kuelekea mtaroni, yenye rangi ya hudhurungi, yakiwa yamebeba udongo. Kwenye kipande kilichofunikwa maji yaliingia chini, taratibu zaidi kuliko kwa Shangazi, lakini yaliingia. Baba alichuchumaa mvuani akitazama, shati limemganda mwilini, mpaka Mama akamfuata na mwavuli.

Mwisho wa msimu walivuna. Na siku ya wazazi ilipofika, Mwalimu alimwomba Chiriku aeleze mbele ya watu wote matokeo ya kipande chao. Baba, Mama na Shangazi walikaa nyuma, kwenye madawati madogo, magoti yakigusa kidevu.

Chiriku alisimama. Alijua watu walitaka kusikia nini. Mwalimu alitaka, Shangazi alitaka, na yeye mwenyewe alitaka kuliko wote, baada ya majani yote yale aliyobeba. Alivuta pumzi.

"Kipande chetu kimetoa mahindi machache kidogo kuliko eneo kama hilo lililolimwa kwa trekta," alisema.

Watu waliguna. Mapengo alifumba macho.

"Kupalilia pia kulikuwa kugumu zaidi. Lakini tulitumia mbolea ya mfuko kidogo sana. Tulivuna kunde, na upande wa trekta haukuwa na kunde. Jua lilipokuwa kali, mahindi yetu yalichelewa kunyauka. Na nimeanza kuona minyoo. Si wengi kama wa Shangazi. Lakini zamani sikuona hata mmoja."

Alipokaa, mzazi mmoja alimgeukia Baba. "Sasa Mzee, mahindi yamepungua. Si utarudi kwenye trekta?"

Baba alijinasua kutoka kwenye dawati lile dogo, akasimama. "Nitaongeza kipande kingine," alisema. "Na sehemu nyingine nitaendelea na trekta, kwa sababu familia inakula kila mwaka, haiwezi kungoja udongo upone wote kwa pamoja."

"Mwaka wa kwanza hata mimi nilivuna machache," alisema Shangazi bila kusimama. "Nilitaka kuacha. Udongo uliochoka haupati nafuu kwa msimu mmoja."

"Ndivyo," alisema Baba. "Ninaweza kuongeza kwa sababu nimeambiwa ukweli. Najua kimepungua nini na kimeongezeka nini, kwa hiyo najua nijiandae vipi. Ningeambiwa matamu matupu, ningefuata matamu, na mwakani ningekuwa nalia." Alimgeukia Chiriku, na sauti yake ikashuka kidogo. "Mwanangu, udongo wangu niliuharibu mwenyewe kwa kutaka mavuno ya haraka. Sasa nautengeneza polepole, kwa mikono. Neno la mtu nalo ni hivyo. Siku ile uliharibu lako kwa kutaka ushindi wa haraka. Msimu wote huu umelitengeneza, na leo umesema hata lile ambalo hukupenda kulisema. Kuanzia sasa ukiniambia jambo kuhusu shamba langu, sitakwenda kuhakikisha."

Chiriku alitazama mikono yake yenye mikwaruzo, akahisi uso ukipata joto, na safari hii haikuwa aibu.

Walipotoka shuleni hawakupita nyumbani kubadili nguo. Walikwenda moja kwa moja shambani, Shangazi mbele na fimbo yake, na Baba akaanza kupima kwa hatua kipande kipya cha msimu ujao. Alikwenda kidogo, akasimama, akageuka.

"Hapa panatosha?"

"Songa," alisema Shangazi.

Alisonga. "Hapa?"

"Songa, Baba," alisema Chiriku. "Majani nitabeba."

Baba alitikisa kichwa, akacheka, akaendelea kutembea ndani ya shamba lake.